Nyumba Aliyoikagua Mama Bila Kuiona

Mama alikuja Unguja kutoka Pemba mwishoni mwa Januari, pepo za kaskazi zimeshika, kwa ajili ya macho. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba yote mawili. Mchana aliona vivuli, usiku taa ilikuwa kwake doa jeupe linalochoma. Tulikwenda kumpokea bandarini, mimi na baba watoto, akashuka na mkoba mmoja, mkeka uliokunjwa, na kifurushi cha karafuu kavu, maana mama haingii nyumba ya mtu mikono mitupu hata kama mtu huyo amemzaa yeye.

Nilikuwa nimejiandaa vya kutosha. Nyumba yetu ya Fuoni tumeijenga pole pole kwa miaka tisa, leo matofali, mwakani bati, na ukumbi wake ndio uliokuwa fahari yangu. Kulikuwa na seti ya makochi niliyoinunua zamu yangu ya upatu ilipofika, zulia zito la maua mekundu, meza ya kioo katikati, kabati la vyombo, mapazia ya tabaka mbili, na maua ya plastiki kila pembe. Wageni wakiingia walikuwa wanasema mashallah, na mimi nilikuwa naipenda sana ile mashallah.

Mama aliingia akasimama palepale mlangoni. Aliishusha kanga mabegani, akajipepea kwa ncha yake.

"Mwanangu, mbona umejifungia?"

"Madirisha yako wazi yote, mama."

"Basi upepo umeukataza wewe."

Nikawasha feni, nikampa maji ya kunywa, yakaishia hapo.

Usiku ule alitoka kwenda chooni peke yake, hakutaka kumwamsha mtu, akaipiga muundi ile meza ya kioo. Nilisikia kishindo. Nilipofika ukumbini nilimkuta amekaa chini juu ya zulia, ameshika mguu, damu inamchuruzika, na neno la kwanza aliloniambia ni kuniuliza kama kioo kimevunjika. Nimelikumbuka swali hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda. Mama yangu ana jeraha mguuni, anaionea huruma meza.

Asubuhi yake meza nikaitoa. Haikuwa na kazi yoyote pale katikati ila kupangusiwa vumbi. Kisha nikafanya jambo ambalo miaka yote sikuwahi kulifanya: nilifumba macho nikatembea kutoka chumba alicholala mama hadi chooni. Nilikanyaga viatu vya watoto, nikajigonga kwenye mkono wa kochi, nikajikwaa pale ukingo wa zulia ulipojikunja, na kizingiti cha choo nikakikosea hatua, kidogo nianguke. Hatua ishirini na mbili, mitego minne. Na hiyo ndiyo njia ambayo mimi mwenyewe, mwanangu akiwa na homa, naipita gizani.

Viatu tukavipatia ubao wa kuviwekea nje ya mlango. Zulia tukalikunja. Nilikuwa nalipenda, nakiri, lakini mama alilinusa akasema lina masika ya mwaka juzi ndani yake, na tulipolitandaza juani uani nikaona kweli, upande wa chini ulikuwa na madoa ya ukungu. Zulia zito kwenye visiwa vyetu, hewa yenyewe ikiwa na maji na chumvi, ni kama kitambaa cha kupigia deki ulichokisahau sakafuni. Mahali pake tukatandika ule mkeka wa ukindu alioubeba mama kutoka kwao. Mkeka unaupangusa, unaukung'uta, unauanika, jioni umerudi. Mbele ya kizingiti cha choo tukapaka mstari mpana mweupe, na mama alisema hata yeye anauona kidogo mchana.

Lakini jambo kubwa lilikuwa upepo.

Ilikuwa siku ya nne au ya tano, baada ya alasiri. Joto la kaskazi anayelijua analijua, bati linakuwa kama kikaango na feni inakuwa kazi yake kuchochea joto lilelile. Mama aliomba chetezo. Nikadhani anataka kufukiza nguo. Akaniambia nitie udi kidogo, nizime feni, nimwite binti yangu wa kati, kisha chetezo nikiweke chini katikati ya ukumbi.

"Mjukuu wangu, mimi sioni. Wewe uwe macho yangu. Moshi unakwenda wapi?"

Mtoto akachutama, akatazama. "Hauendi popote, bibi. Unapanda, halafu unakaa."

"Haya, ukichukue taratibu, usiungue. Sogea dirishani."

Kwenye dirisha la mbele, ambalo ndilo linaloelekea upande wa kaskazi, kochi kubwa la watu watatu lilikuwa limekaa na mgongo wake mrefu umefunika nusu ya dirisha. Nusu iliyobaki ilikuwa na mapazia. Mtoto akapanda juu ya kochi, akakiinua chetezo, na mara moshi ukamrudi usoni kwa nguvu, akakohoa, akacheka. Upepo ulikuwepo. Ulikuwa unafika dirishani kwangu kila siku, unakuta mgongo wa kochi, unarudi ulikotoka.

Tulilisogeza kochi mimi na mwanangu mkubwa, tukaliegemeza ukuta wa pembeni usio na dirisha. Mapazia mazito tukayateremsha, ukabaki ule wavu mwepesi. Tukarudisha chetezo katikati. Safari hii moshi ulilala kidogo, ukaelekea ndani, ukafika ujiani, ukasimama tena.

"Mlango wa uani?" mama akauliza.

"Tumeufunga, kuku wa jirani wanaingia."

"Upepo ni mgeni, mwanangu. Kama hauoni pa kutokea, hauingii."

Nikaufungua mlango wa uani. Wallahi, moshi ulinyooka kama uzi. Ulitoka chetezoni ukaenda zake ujiani, ukapita jikoni, ukatoka, na nyuma yake ikaja ile hewa ya jioni yenye baridi kidogo. Mapaja yangu yalikuwa yamelowa jasho nikalihisi likikauka. Binti yangu alikaa chini juu ya mkeka, akalala chali, akanyoosha mikono.

Kuku tuliwazuia kwa kipande cha wavu cha kufika magotini. Shilingi elfu chache, na nusu saa ya baba watoto na misumari.

Nilipokuwa nimekaa pale sakafuni nilikumbuka ile miezi mitatu ya giza, Desemba 2009 hadi Machi 2010, pale Unguja ilipokosa umeme unaotoka Bara kwa waya wa chini ya bahari. Ilikuwa kaskazi hivihivi. Tulikuwa tumepanga Mwembeladu wakati huo, na sote mtaani tulihamia mabarazani na viambazani, tunalala juu ya mikeka, tunatafuta upepo kwa ngozi. Kila mtu alikuwa anajua upepo unapita kona ipi saa ngapi. Kisha umeme uliporudi tukaingia ndani, tukawasha feni, na elimu ile yote tukaiacha barazani. Nilipokuja kujenga nyumba yangu mwenyewe sikumuuliza fundi upepo unatoka wapi. Nilimuuliza kochi litakaa wapi.

Harufu ndiyo iliyofuata. Mama alikuwa amelala chumba cha binti zangu, akasema, "Humu mna maji." Nikamwambia hakuna bomba chumba hicho. Hakubishana. Alinyanyuka, akaweka kiganja ukutani, akatembea nacho pole pole, akifuata ukuta kama mtu anayemtafuta mtoto aliyejificha, hadi kiganja kikafika kwenye kabati la nguo.

"Hapa nyuma."

Tulilivuta kabati. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka sakafuni hadi usawa wa kifua changu, na rangi imevimba malengelenge. Binti yangu wa mwisho hukohoa kila masika, na nilikuwa nimeshanunua dawa za kifua za kila aina. Siwezi kusema kwa hakika kikohozi kilitoka pale, mimi si daktari. Ninachojua ni kwamba kitanda chake kilikuwa hatua mbili kutoka ukuta ule.

Fundi jirani yetu, mzee ambaye ujanani alifanya kazi za kukarabati nyumba za Mji Mkongwe, alikuja akagusa, akatikisa kichwa. Kosa langu lilikuwa rangi ya mafuta. Nilipaka rangi ya mafuta kila chumba kwa sababu inang'aa na inafutika alama za mikono ya watoto. Lakini maji ya ardhini hupanda ukutani kidogo kidogo, hasa masika, na ukuta lazima uyatoe. Ukiuvisha rangi ya mafuta ni kama umeuvisha mfuko wa nailoni, unatoka jasho ndani kwa ndani. Kuta za zamani za mjini, zile za mawe ya matumbawe, zilikandikwa kwa chokaa na kupakwa chokaa, kwa hiyo zilipumua. Mzee yule alisema nyumba nyingi alizoziona zikioza ni zile ambazo watu walikuja baadaye wakazifunga kwa saruji, na maji yakakosa pa kutokea.

Kwa hiyo tuliikwangua rangi ukuta ule mmoja. Kazi ya siku mbili, vumbi tupu, vitambaa puani. Nikanunua mfuko wa chokaa Mwanakwerekwe, nikailoweka usiku kucha ndani ya pipa, nikaichuja kwa kanga kuukuu, nikatia konzi ya chumvi kama bibi alivyokuwa akifanya kila Shaabani kabla ya mwezi mtukufu kuandama. Mkono wa kwanza niliupaka mzito nikidhani nzito ndiyo nzuri. Ilipokauka ikawa inabanduka, na kila aliyeegemea aliondoka na mgongo mweupe. Fundi akanionesha: uloweshe ukuta kwanza kwa maji, halafu chokaa nyepesi kama maziwa, uiache ikauke, urudie. Mikono mitatu myepesi ilishika barabara. Na nimwambie yeyote atakayejaribu: chokaa inaunguza ngozi na macho. Watoto niliwapeleka kwa jirani, na mama, aliyekuwa anangoja tarehe ya kupasuliwa macho, sikumruhusu kukaribia hata mlango wa chumba hicho.

Kabati tulilirudisha, lakini siyo kuligandamiza tena ukutani. Tuliacha nafasi ya kiganja kizima, na chini yake tukaweka vipande vya mbao ili hewa ipite. Karafuu za mama nikazishonea vifuko vidogo nikavitia kati ya nguo. Sasa nikifungua kabati lile nasikia harufu ya Pemba wakati wa mavuno, majamvi yametandazwa nje na karafuu zinaanikwa.

Taa haikuwa na mjadala mrefu. Mama aliumizwa na ule mwanga mweupe wa dari, kila magharibi alikuwa anajifunika kanga usoni. Nikanunua globu moja ya rangi ya njano, baba watoto akaifunga chini, pembeni ya kabati, na juu yake tukafunika kikapu cha ukili kilichotobokatoboka, kwa mbali ili kisiungue. Taa ya dari tukawa tunaiwasha mtu akitaka kusoma au kuchomoa mwiba tu. Nilifanya kwa ajili ya mama. Sikutegemea kwamba watoto wangeacha kupigana ile saa kabla ya kulala, lakini waliacha, au angalau walipigana kwa sauti ya chini.

Na sauti. Siku moja mama aliniuliza kwa utulivu kabisa: "Huyu anayezungumza humu ndani mchana kutwa ni nani?" Alikuwa anauliza kuhusu televisheni. Sisi hatukuwa tunaitazama, tulikuwa tumeiwasha tu, kama watu wanavyowasha feni. Nikaizima. Ule ukimya wa mwanzo ulinitisha kidogo. Kisha nikaanza kusikia nyumba yangu. Mlango wa chuma wa mbele ulikuwa unalia kila ukifunguliwa, kilio cha kukereketa meno, na sote tulikuwa tumeshakizoea. Matone matatu ya mafuta ya cherehani kwenye bawaba yakakimaliza. Bomba la uani lilikuwa linadondoka. Tukabadilisha mpira wake.

Lakini kulikuwa na sauti ambazo mama alizitaka. Saa nne asubuhi jirani yetu hukuna nazi nyuma ya ukuta, na sauti ya mbuzi ya nazi ilikuwa inamfikia mama pale alipokaa. Alikuwa anasema sauti ile inamwambia saa. Tukamwekea kiti chake upande huo, karibu na dirisha dogo la uani, na chini ya dirisha nikapanda mrehani ndani ya kopo kuukuu la rangi, lile lile la rangi ya mafuta iliyonitia hasara. Akipita mtu akaugusa mrehani, mama anajua nani amepita kwa ukubwa wa harufu. Binti yangu mkubwa aliongeza asumini. Magharibi maua yanapofunguka alikuwa anachuma, anafunga vikuba na majani ya mrehani, anamwekea bibi yake juu ya mto wa kulalia.

Baba watoto ni mtu wa baraza. Miaka yote akirudi kazini huoga, hula, hutoka nje kwa wenzake hadi isha, na mimi nilikuwa nimeshajisemea kwamba ndivyo wanaume walivyo. Katikati ya Februari niliona ameanza kuleta kahawa yake ndani. Alikaa juu ya mkeka, mgongo ukutani, palepale upepo unapopita. Sikumuuliza kitu, niliogopa kuharibu. Wiki ya pili wenzake wawili wakaanza kuja na bao.

Mama alifanyiwa jicho la kwanza mwezi wa Machi. Tulipomrudisha nyumbani na bandeji imeshatolewa, alisimama tena pale mlangoni, kama siku ya kwanza. Nilikuwa nimepiga deki mara mbili. Moyo ulikuwa unanidunda kama wa mtoto anayeonesha daftari. Alitazama wajukuu kwanza, mmoja mmoja, akiwashika videvu. Wa mwisho hakuwahi kumwona vizuri tangu anazaliwa, akamtazama kwa muda mrefu, akasema ana pua ya marehemu babu yake. Kisha akazungusha macho ukumbini. Akaenda kwenye pembe, akashika maua ya plastiki.

"Haya nilikuwa nayagusa kila siku nikidhani ni ya kweli yamekauka," alisema. "Nikawa naona haya kukwambia uyamwagie maji."

Niliyatoa jioni ile.

Aliporudi Wete mwezi wa Aprili, mvua za masika zimeanza, alituachia mkeka. Nilidhani kazi imekwisha. Lakini wiki iliyopita, kusi, upepo wa kutoka kusini, limeanza kuvuma, niliingia ukumbini nikakuta harufu ya samaki wa kukaanga na moshi wa mkaa vimejaa hadi vyumbani, na nguo za kwenye kabati zinanuka jiko. Nikaleta chetezo, nikamwita binti yangu wa kati. Moshi ulikuwa unarudi kinyume, unatoka uani unaingia ndani.

Nikampigia mama.

"Jiko la mkaa umeliweka wapi?" aliuliza.

"Palepale mama, mlangoni mwa uani."

"Na kochi?"

"Ukuta wa pembeni, ulipotuambia."

"Kochi liache. Jiko lipeleke kule kwenye mpapai, ng'ambo ya bomba. Dirisha la mbele lifungue lote, sasa hilo ndilo la kutokea. Na mlango wa jikoni ufunge unapokaanga."

Nilipokata simu binti yangu alikuwa ameshashika mkono mmoja wa jiko, ananingoja nishike wa pili.